Buibui Walipotoka Potopotoni

Buibui wa kwanza walionekana katika kartie ya Bigo, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, mchana kweupe, mwezi wa pili wa mwaka 1983. Walivuka barabara kutoka upande wa potopoto, bonde la matope na mafunjo, na kuanza kupanda kuelekea nyumba za watu. Mvua ilikuwa imekatika tangu kabla ya Noeli. Vijito vilibaki mawe, na watu wa Bunia walikuwa wakipanga bidoni za maji kwenye chemchemi tangu alfajiri. Katika ukame kama huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushughulika na wadudu, isipokuwa Alphonsine.

Alphonsine alifundisha biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana. Mume wake, Henri, alifanya kazi mbali, Mongbwalu, na alirudi mara chache, kwa hiyo wakati mwingi aliishi peke yake katika nyumba ya matofali si mbali na ukingo wa potopoto. Kila mwaka aliwashusha wanafunzi wake mpaka kwenye mafunjo kuwaonyesha buibui hao. Aliwaeleza kwamba hawa hawafumi utando wa kutegea nzi. Wanawinda kwa miguu, wanakimbia juu ya maji bila kuzama, na wakiogopa wanashuka chini ya maji wakishika majani. Jike hubeba mayai yake yote katika kifuko cheupe alichokisokota mwenyewe, amekifunga nyuma ya tumbo, na hakiachii hata akifukuzwa. Mchana hukaa kwenye mdomo wa shimo lake na kukielekeza kifuko juani ili mayai yapate joto. Lakini haendi mbali na unyevu. Mahali pakavu hadumu.

Sasa walikuwa katika vumbi la barabara, jua likiwa utosini. Alphonsine alichuchumaa, vitabu vikiwa kwapani. Walikuwa wengi, karibu wote majike, na kila mmoja alikokota kifuko chake. Baadhi walikuwa wamekufa njiani na miguu yao imejikunja. Kifuko cha mmoja kilikuwa cha kahawia upande mmoja, kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya makaa. Alikitazama sana kifuko hicho bila kuelewa, kisha jua likamshinda akaenda nyumbani.

Siku zilizofuata waliingia majumbani. Walikutwa ndani ya mitungi, nyuma ya masanamu ya watakatifu, kwenye viatu. Kuku waliwala mpaka wakashiba. Wanawake waliwapiga kwa kandambili na kuwafagilia motoni. Nyumba iliyopata taabu zaidi ilikuwa ya Assani, fundi wa kushona, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini kabisa, mgongo wake ukigusa potopoto. Assani aliishi hapo na mke wake Adèle na binti yao wa pekee, Claire, mtoto wa miaka minne aliyependa kukaa chini ya cherehani akiokota vipande vya vitambaa. Adèle alikuwa amepoteza mimba nyingi kabla ya Claire, na baada yake hakupata tena.

Asubuhi moja Adèle alikunja blanketi la mtoto akamkuta buibui ndani, na Claire alikuwa na uvimbe mdogo shingoni. Alphonsine aliitwa auangalie. Aliubonyeza, akaona ni jipu linaloanza, akawaambia kwamba buibui hawa hawana sumu ya kumdhuru mtu. Assani alimshukuru kwa adabu, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakutulizwa. Jioni ile, kabla giza halijaingia, Alphonsine alimwona amepanda juu ya meza, anakandika udongo mbichi katika nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati. Alikuwa ameshapigilia mbao kwenye madirisha yote mawili na kuziba nyufa zake. Chini ya mlango aliweka gunia lililokunjwa.

"Leo haitaingia hata moja," alisema.

Alphonsine alimjibu kwamba angalau mtoto atalala vizuri, akapita.

Katika kartie nzima ilikuwepo nyumba moja ambayo buibui hawakuingia. Ni ya Godelive, mfinyanzi, mjane aliyetoka upande wa Djugu na kuhamia Bigo na mumewe zamani. Mume alipokufa, alibaki. Nyumba yake ilisimama peke yake kwenye kichuguu cha udongo mgumu mwekundu, ng'ambo ya mfereji wa maji ya mvua, na buibui walifuata mfereji kwa sababu bado ulikuwa na unyevu kidogo. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu. Lakini watu walikuwa wamemwona miaka yote akiingia potopotoni kuchimba udongo wa vyungu, na buibui wakitembea kwenye mikono yake bila yeye kujikung'uta. Maneno yakaanza kwenye foleni ya maji. Mtu mmoja aliuliza kwa nini hawaendi kwake. Mwingine akasema labda ndiko wanakotoka.

Alphonsine aliyasikia maneno hayo na hayakumpendeza. Siku iliyofuata, baada ya masomo, alishuka mwenyewe kufuata njia ya buibui kurudi nyuma. Alipita mfereji, akapita mashamba ya maharage yaliyokauka, akafika kwenye mafunjo. Potopoto ilikuwa imekauka juu, imepasuka, na udongo wake mweusi ulikuwa mwepesi kama sponji kuukuu. Kwa kweli haukuwa udongo. Ulikuwa mizizi na majani ya mafunjo yaliyooza miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, kwenda chini kuliko urefu wa mtu.

Mashimo mengi ya buibui yalikuwa matupu. Alipiga magoti na kutia vidole katika shimo moja, akavitoa upesi. Kulikuwa na joto kama ubavu wa sufuria ya bugali. Alivunja tete refu na kulisukuma ndani taratibu mpaka likagota. Alipolichomoa, ncha yake ilikuwa nyeusi na ilifuka moshi.

Hapo akaelewa. Mwezi wa kumi na mbili watu wa Bigo walichoma mafunjo makavu ili wapate mahali pa kupanda maharage, kwa kuwa juu ya kilima hakuna kilichoota. Yeye mwenyewe alikuwa na tuta lake pale. Moto wa juu ulipita alasiri moja ukazimika, watu wakasahau. Ule wa chini haukuzimika. Ulikuwa ukitambaa polepole ndani ya mizizi, bila ndimi, ukila njia yake kuelekea kwenye nyumba, na buibui walikuwa wa kwanza kuungua miguu.

Alikwenda moja kwa moja kwa chef wa kartie, mkuu wa mtaa. Alimkuta na watu waliokuwa wakigombania zamu ya maji, akangoja. Chef hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akalishika lile tete, akalinusa.

"Mama Mwalimu," akasema, "mafunjo inawaka. Kuni inawaka. Udongo haiwaki."

Alphonsine alimweleza tena, kwa maneno mengine. Alimwomba ahamishe watu wa nyumba za chini na kuchimba mfereji wa kukata moto. Chef aliuliza wahamie wapi, na maji ya kumwaga kwenye mfereji huo yatoke wapi, wakati watoto hawana ya kunywa. Mwishowe alisema kwamba Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ataleta watu waje waone. Ilikuwa bado Jumatano.

Alphonsine alizunguka nyumba za chini mwenyewe. Wengine walicheka. Adèle alimsikiliza, akauliza kama moto ukizimwa buibui watarudi kwao, na Alphonsine akasema ndiyo. Hakuwaza kuingia ndani ya ile nyumba iliyozibwa. Baadaye, kwa miaka, aliwaza jinsi alivyosimama mlangoni pale na kuagana na Adèle huku Claire akimpungia mkono. Kutoka pale alikwenda kumkataza Godelive asikanyage potopoto. Godelive alikuwa akisugua chungu kwa jiwe. Alisema amekuwa akisikia joto kwenye nyayo kila anapokwenda kuchimba, na alidhani ni uzee unaanza.

Ijumaa asubuhi Alphonsine alikuwa anavaa aende shule aliposikia mtu anakwaruza ukuta wa nje. Alikuwa Assani. Alitembea kwa mikono na magoti, matapishi kifuani, na hakuweza kutamka neno likaeleweka. Alphonsine alikimbia mpaka kwake. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Adèle alilala kizingitini, kichwa nje, anahema kwa shida, na mkono wake ulishika mguu wa mtoto, kwani alikuwa amejaribu kumvuta atoke naye. Claire alikuwa amekufa. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza juani. Blanketini kulikuwa na buibui mmoja, naye amekufa.

Majirani walipofika waliona uvimbe shingoni na buibui blanketini, wakaona hakuna cha kuuliza zaidi. Alphonsine alinusa hewa ya ndani. Kulikuwa na harufu hafifu, kama ya majani yaliyolowa yakachomwa. Alitazama sakafu ya udongo, akatazama madirisha yaliyozibwa, akatoka nje.

Wanaume walimpeleka mtoto makaburini adhuhuri ile ile, kufuatana na desturi ya Kiislamu, dini ya baba yake. Wanawake walibaki na Adèle kwenye matanga. Adèle hakulia. Alikaa na miguu imenyooka mbele, anajishika kichwa kilichokuwa bado kinampasuka, na kila alipopewa maji aliuliza kama Claire amekunywa. Alphonsine alikaa karibu naye, akijaribu kumwambia mwanamke mmoja baada ya mwingine kwamba moto usiopata hewa hutoa sumu isiyoonekana, kwamba sumu hiyo imepanda kupitia sakafuni, kwamba watu wa nyumba za chini wasilale hapo usiku huo. Waliitikia kwa vichwa. Waliona anajitahidi kumtetea Godelive.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini hawakuja kwenye matanga. Alphonsine alisikia miguu yao inapita nyuma ya nyumba, mingi, bila mazungumzo, ikielekea ng'ambo ya mfereji. Aliinuka na kukimbia njia ya mkato, kikwembe mkononi, akafika kwa Godelive kabla yao kidogo tu. Akasimama mlangoni.

Assani alikuwa mbele. Alishika jembe. Macho yake yalikuwa yamevimba na bado aliyumba kwa ile sumu.

"Mama Mwalimu, toka kwa mulango."

"Baba Claire, moto iko chini ya udongo. Moshi ndiyo ilimuua mutoto."

"Moshi iko wapi?" mtu mmoja nyuma akauliza.

Hakuna aliyeona moshi. Anga lilikuwa safi mpaka kwenye vilima. Alphonsine alianza kueleza, akaona maneno yake yanaanguka chini kabla hayajamfikia mtu. Assani alimshika begani na kumsogeza kando, si kwa nguvu, kama mtu anayesogeza kiti. Vyungu vilianza kuvunjwa. Wakati huo huo mtoto mmoja akapiga kelele kutoka nyuma ya nyumba kwamba mwanamke anakimbia.

Godelive alikuwa ametoka kupitia dirishani. Hakuwa na njia nyingine. Mbele kulikuwa na watu, na upande wa barabara kulikuwa na watu. Alikimbia kuelekea potopotoni, mahali alipopajua kuliko mtu yeyote wa Bigo. Alipita maharage, akaingia kwenye mafunjo yaliyoungua. Watu walisimama ukingoni wakamrushia vipande vya matofali. Aliendelea mbele kidogo, kisha ardhi ikafunguka chini yake.

Mguu wake mmoja ulizama mpaka gotini. Kilio alichotoa kiliwafanya hata waliokuwa wakirusha washushe mikono. Kutoka katika tundu lile ukatoka moshi mzito wa njano, na upande wa tundu ukaonekana mwekundu, mwekundu wa makaa, ndani ya kitu ambacho wote walikiita udongo. Godelive alishika shina la mafunjo kwa mikono yote miwili. Kila alipojivuta, ukingo ulimomonyoka.

Watu kadhaa walikimbia. Waliona shetani ametoka. Wengine walibaki, wamekufa ganzi.

Alphonsine aliingia. Hakufika mbali akahisi ardhi inabonyea na kupumua chini ya viatu, akasimama. Mbele yake palikuwa pote sawa, peusi na pakavu, na popote pangeweza kuwa ganda juu ya moto. Alitazama kushoto na kulia, hajui aweke mguu wapi, na Godelive alikuwa akiita jina la mume wake aliyekufa. Ndipo akamwona buibui. Alikuwa jike, amekaa kwenye mdomo wa shimo lake na kifuko kimegeuziwa juani, kama siku zote. Hatua moja mbele yake alikuwepo mwingine. Hawa hawakuhama, na kama hawakuhama, basi chini yao bado palikuwa na maji.

Alivua viatu ili asikie joto kwa nyayo, akaanza kutembea akifuata buibui. Palipo na shimo lenye mwenyewe alikanyaga; palipo na shimo tupu alipaacha. Njia haikunyooka. Ilimpeleka pembeni, ikamrudisha, na mara mbili alilazimika kurudi nyuma kwa sababu mbele hapakuwa na hata mmoja. Buibui walitoweka mashimoni alipowakaribia, na akawa anakariri kwa macho mahali walipokuwa. Alipofika karibu na Godelive hakukuwa na buibui tena. Sehemu ile yote ilikuwa tupu.

Aligeuka akapaza sauti kumwita Katsuva. Huyu alikuwa fundi wa matofali aliyetoka Butembo, na tanuru lake lilikuwa pale ukingoni. Alikuwa na mbao ndefu za kuanikia matofali mabichi. Hakuwa katika kundi. Alikuwa amesimama kando ya kazi yake tangu mwanzo, na kama wengi hakusema ndiyo wala hapana. Sasa alibeba mbao mbili begani na kuuliza kwa sauti akanyage wapi. Alphonsine alimwongoza kwa maneno, huku, sasa kule, ngoja, mpaka akafika alipo yeye.

Walilaza ubao. Haukufika. Walilaza wa pili juu ya wa kwanza na kuusukuma mbele, ukafika, lakini mwisho wa nyuma ukainuka kila Alphonsine alipojaribu kutambaa juu yake. Katsuva alikalia ule mwisho na bado haukutosha. Palihitajika uzito wa mtu mwingine. Katsuva aliita watu waliokuwa ukingoni. Hakuna aliyesogea.

Kisha mtu mmoja akaja. Alikuwa Assani. Alipita njia waliyopita, jembe bado mkononi, na Alphonsine alipomwona anakaribia alijua kwamba ama anakuja kusaidia ama anakuja kumaliza, na hana uwezo wa kuzuia lolote. Assani alisimama karibu na ubao. Moshi ulimjia usoni. Alivuta pumzi, akavuta tena, polepole, kama anayetafuta jina la kitu.

"Harufu hii," akasema. "Harufu hii ilikuwa ndani ya nyumba usiku."

Aliangusha jembe, akakaa juu ya ubao nyuma ya Katsuva.

Alphonsine alitambaa. Joto lilimbabua kifua na mikono. Alimfunga Godelive kikwembe chini ya makwapa, na wale wanaume wawili wakavuta kutoka nyuma wakati yeye anasukuma ubavuni. Mguu ulitoka. Wote watatu waliuona, na wote walitazama pembeni. Wakamlaza juu ya ubao na kumbeba wakirudi kwa njia ile ile, Assani mbele, akiuliza kila hatua, "Hapa, Mama Mwalimu? Hapa?"

Hospitalini hakukuwa na bandeji wala dawa ya maumivu. Mgonjwa alitakiwa kuja na vyake, kama wagonjwa wote wa wakati ule. Alphonsine alichana mashuka yake, akayachemsha, akayapeleka. Baadaye daktari aliukata mguu chini ya goti. Godelive aliishi. Kwa muda mrefu hakutaka kuzungumza na mtu yeyote isipokuwa Alphonsine, na kwake pia alizungumza mambo madogo tu, ya maji na ya mto wa kichwani.

Chef wa kartie alikuja potopotoni jioni ile ile, kabla ya Jumamosi yake. Alisimama mbele ya lile tundu jekundu, akavua kofia. Nyumba za chini zilihamwa usiku huo huo. Kesho yake salongo ilikuwa kubwa kuliko ambavyo Bigo iliwahi kuona: wanaume, wanawake, wanafunzi wa Alphonsine, wote wakichimba mfereji kati ya potopoto na kartie, mpaka kwenye udongo mwekundu usioweza kuwaka. Maji yalibebwa kutoka mto Nyamukau, uliobaki kama mkanda mwembamba. Walimwaga bidoni baada ya bidoni, na ardhi ilinywa yote na kuendelea kufuka. Wakimaliza upande mmoja moshi ulitokea upande mwingine. Watu walichimba huku wakilia kwa uchovu. Alphonsine aliambiwa na wenzake shuleni apumzike mikono iliyoungua, naye akaifunga vitambaa akarudi mferejini.

Assani alichimba kuliko wote. Hakushona siku hizo. Adèle alikuwa amehamia kwa Alphonsine, analala kwenye mkeka sebuleni, na Assani alilala kwa Katsuva, kwa sababu mke wake hakuweza kumtazama. Alasiri moja Alphonsine alikuwa akimpokeza ndoo wakati hakukuwa na mtu mwingine karibu. Assani hakuipokea.

"Mama Mwalimu, kama singefunga madirisha."

Alphonsine alisema hajui.

"Weye unajua. Usinifiche."

Alphonsine alitazama mikono yake iliyofungwa. Alikuwa ametayarisha maneno kwa ajili ya siku hii, maneno kwamba Assani alifunga ili kumlinda mtoto, kwamba moto uliwashwa na kartie nzima, hata na yeye Alphonsine na tuta lake la maharage. Aliyasema yote. Assani aliyasikiliza bila kuondoa macho kwake, akangoja. Alphonsine akaona kwamba akinyamaza hapa, mtu huyu atamfuata na swali hili maisha yake yote, au atalipeleka kwa mtu mwingine atakayemdanganya.

"Pengine angeishi," akasema.

Assani akachukua ndoo. Alimwaga maji taratibu, akihakikisha yanaingia kwenye ufa, kisha akairudisha. Waliendelea na kazi mpaka jua likazama.

Kesho yake alikwenda hospitalini. Alphonsine alikuwepo, anambadilishia Godelive kitambaa. Assani alisimama mlangoni, hakuweza kupita. Alisema alichokuja kusema, kwamba alishika jembe kwa kusudi la kumuua, na kwamba alikosea. Godelive alikuwa amegeukia ukutani.

"Miye sina neno la kukupa," alisema. "Mutoto yako nilimufinyangia kikombe. Nenda."

Akaenda.

Mvua ilinyesha katikati ya mwezi wa nne. Ilinyesha siku na usiku, na potopoto nzima ilipiga kelele kama sufuria kubwa iliyomwagiwa maji, ikatoa mvuke uliofunika Bigo mpaka watu wakatembea wakipapasa. Mvuke ulipoondoka, palipokuwa na mafunjo pamebaki shimo refu la maji meusi. Nyumba ya Assani ilikuwa imepasuka katikati na nusu yake imeingia ndani. Adèle alikwenda kuiangalia mara moja, akarudi na vipande vya vitambaa ndani ya kikombe. Kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata aliondoka na mume wake kwenda kukaa Kasenyi, kando ya ziwa, ambako Assani alipata kazi ya kushona tanga za mashua na kutengeneza nyavu. Watu waliopita huko walisema wanaishi nyumba moja na wanazungumza kidogo. Hakuna aliyesema zaidi.

Alphonsine hakuwaona buibui tena upande wa Bigo. Msimu wa kwanza aliwashusha wanafunzi, wakazunguka shimo lile asubuhi nzima wakitazama ukingoni, na akalazimika kuwarudisha darasani na kuwachorea ubaoni.

Godelive alikwenda kuishi Bogoro, kwa dada yake. Alphonsine alimtembelea likizo ya kwanza, kwa lori la samaki lililokuwa linashuka ziwani. Alimkuta amekaa chini ya paa la jikoni, gongo la kutembelea kando yake, udongo mbele yake. Udongo wa Bogoro ulikuwa na mchanga mwingi, alilalamika, na vyungu vilipasuka motoni. Waliongea juu ya hilo kwa muda. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kama watu wa Bigo wamesema kitu.

Alphonsine alijua anachouliza. Wale waliorusha matofali bado walikuwa majirani zake. Walimsalimu kila asubuhi. Walipozungumzia mwaka ule walizungumzia ukame, moto, na mtoto wa Assani; mguu wa Godelive hawakuutaja. Chef alikuwa ametoa hotuba juu ya kutochoma mafunjo. Nyumba ya kichuguuni alipewa mtu mwingine.

"Hapana," akasema. "Hakuna aliyesema kitu."

Godelive aliitikia kwa kichwa. Alimwaga maji kidogo juu ya udongo, akaukanda, kisha akamwomba Alphonsine amsogezee lile jiwe la kusugulia, kwa sababu lilikuwa mbali na mkono wake.